Abebe Bikila: Mbio Zilizoendelea Baada ya Miguu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayemcheka mwenye ulemavu ili akumbuke kuwa mwili wake mwenyewe bado u mikononi mwa mfinyanzi. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili ambao hatuutaji mara nyingi. Ikiwa binadamu huumbwa hadi siku ya kufa kwake, basi anayepoteza miguu leo hajafikia tamati ya kuumbwa. Bado yapo anayoweza kuwa. Makala haya yanadhamiria kuutazama upande huo wa pili kwa kusimulia maisha ya Abebe Bikila, askari wa Uhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, akapooza kwa ajali ya gari, kisha akarejea mashindanoni akiwa ameketi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sisi tunaosomea Kiswahili katika eneo la Nakuru tumchague Mhabeshi. Jibu la kwanza ni la kijiografia. Bonde la Ufa tunalolitazama kutoka Menengai ndilo linaloendelea kaskazini kupitia Bogoria, Baringo na Turkana hadi likaipasua nchi ya Uhabeshi. Hewa nyepesi ya nyanda za juu wanayoivuta vijana wanaokimbia alfajiri katika barabara za Njoro na Molo ni ndugu ya hewa aliyoivuta Bikila. Jibu la pili ni zito zaidi. Eneo letu linajua kumsimulia mkimbiaji, lakini masimulizi yetu hukoma pale miguu inapokoma. Ilhali tunaishi kando ya barabara kuu ambayo kila mwaka huwatoa watu wazima majumbani mwao na kuwarudisha wakiwa wamevunjika. Mnamo tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walifariki katika ajali moja huko Migaa, karibu na Salgaa. Hesabu ya waliofariki ilitangazwa kote nchini. Wanaojeruhiwa katika ajali kama hizo hupewa sentensi moja, kisha husahauliwa. Maisha ya Bikila yanatufunza jinsi ya kuindeleza sentensi hiyo.

Mtoto wa Nyanda za Juu

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Berhan, katika nyanda zinazofikia takriban mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa sadfa ya ajabu, siku hiyohiyo ndiyo iliyokimbiwa marathoni ya Olimpiki huko Los Angeles. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa jamii ya Waoromo, naye alikua akichunga mifugo kama walivyokua watoto wengi wa Bonde la Ufa letu.

Alipokuwa na umri wa miaka 3, majeshi ya Italia chini ya utawala wa Mussolini yaliivamia nchi yake. Mnamo Mei 1936 mji mkuu wa Addis Ababa ulitwaliwa, na Mfalme Haile Selassie akaenda uhamishoni. Familia ya Bikila ilihama kijiji chake wakati wa vita hivyo. Ni vyema tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa miaka mingi baadaye mtoto huyo angeingia Roma kwa namna ambayo hakuna jenerali aliyeitarajia.

Katika miaka ya 1950 Bikila alijiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, mkufunzi kutoka Uswidi aliyekuwa akiwafundisha askari mazoezi ya viungo na riadha. Niskanen aliwazoesha vijana hao kukimbia masafa marefu, kupanda vilima na kupima nguvu zao badala ya kuzimaliza mapema. Bikila alikuwa mwembamba, mtulivu na mwenye nidhamu ya kijeshi. Sifa ya mwisho ndiyo iliyombeba katika ushindi, na ndiyo iliyombeba pia katika msiba.

Roma, 1960

Tarehe 10 Septemba 1960 marathoni ya Olimpiki ilianza Roma wakati wa jioni, ili wakimbiaji waepuke joto la mchana. Bikila alikimbia bila viatu. Viatu alivyopewa havikumkaa vyema, na nyayo zake zilikuwa zimezoea kugusa ardhi. Giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kando ya Njia ya Appia wakiwa wameshika mienge kuwamulikia wakimbiaji. Wengi waliotazama hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Ndani ya mji wa Roma ulikuwepo wakati huo mnara wa kale wa Axum, ambao Waitalia waliuteka Uhabeshi na kuusimamisha huko mnamo 1937. Njia ya mbio iliupitia mnara huo ikikaribia mwisho. Ni katika sehemu hiyo Bikila alipoongeza kasi na kumwacha nyuma Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa na mtu yeyote katika marathoni. Hivyo akawa Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mnara wenyewe ulirudishwa Uhabeshi mnamo 2005 na ukasimamishwa upya Axum mnamo 2008.

Hadi hapa kisa kinajulikana. Lisilosimuliwa sana ni lililotokea Roma siku 8 baadaye. Tarehe 18 Septemba 1960, wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 waliingia katika mji huohuo wakiwa katika viti vya magurudumu. Walikuwa watu waliojeruhiwa uti wa mgongo, wakiwemo wanajeshi wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia. Walishindana katika kulenga shabaha kwa upinde, mpira wa kikapu, kuogelea na michezo mingine. Mashindano hayo ndiyo yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wakati huo Bikila alikuwa shujaa wa bara zima, naye hangeweza kujua kwamba ipo siku angekuwa mmoja wa kundi hilo.

Tokyo, 1964

Miaka 4 baadaye Bikila alifika Tokyo akiwa amepasuliwa kuondolewa kidole tumbo takriban wiki 5 kabla ya mbio. Safari hii alivaa viatu na soksi. Tarehe 21 Oktoba 1964 alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akiwa mbele ya Basil Heatley wa Uingereza kwa zaidi ya dakika 4. Baada ya kuvuka utepe hakuanguka chini kama wengi walivyotarajia, bali alianza kunyoosha viungo uwanjani kana kwamba alikuwa mazoezini. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Katika michezo hiyohiyo Wilson Kiprugut wa Kericho aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mbio za mita 800. Bonde la Ufa lilikuwa limeanza kuitika mwito kutoka kaskazini.

Mwelekezi wa filamu wa Japani, Kon Ichikawa, alitengeneza filamu halisi ya michezo hiyo, iliyotoka mnamo 1965. Sehemu kubwa ya mwisho wake inamfuata Bikila: uso usiobadilika, pumzi zinazopimwa, na barabara ndefu isiyo na mtu mbele yake. Hata hivyo, mwezi mmoja tu baada ya mbio hizo, mnamo Novemba 1964, mji huohuo wa Tokyo uliwapokea tena wanamichezo wa viti vya magurudumu. Mara ya pili, mji aliotoka Bikila akiwa mshindi ukawa mji wa walemavu wa uti wa mgongo. Ni kana kwamba michezo ile ilikuwa ikimfuata nyuma kwa hatua za taratibu, ikimsubiri.

Mexico na Usiku wa Sheno

Kuanzia 1967 maumivu ya mguu yalianza kumsumbua. Katika Olimpiki ya Mexico mnamo 1968 alijitoa baada ya takriban kilomita 17. Ushindi ulichukuliwa na Mamo Wolde, askari mwenzake katika Kikosi cha Walinzi. Hiyo ndiyo michezo ambayo Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino waliitwalia Kenya nishani za dhahabu. Katika maisha yake yote Bikila alikuwa amekimbia marathoni 16 na kushinda 12.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa akiendesha gari lake dogo la Volkswagen karibu na Sheno, mji ulio katika barabara itokayo Addis Ababa kuelekea Debre Berhan, nchi aliyozaliwa. Gari lilimshinda likapinduka. Alibanwa ndani hadi kulipopambazuka ndipo akapatikana. Shingo ilikuwa imeumia na uti wa mgongo ulikuwa umedhurika. Mtu aliyekuwa ameushangaza ulimwengu kwa miguu yake hakuweza kuisogeza, na hata mikono haikumtii.

Ni wajibu wetu kuwa wakweli hapa. Bikila alikuwa mwanajeshi, lakini hakujeruhiwa vitani. Alijeruhiwa barabarani kama wanavyojeruhiwa watu wengi wa nchi zetu. Ukweli huo haumpunguzii hadhi. Kinyume chake, unamleta karibu zaidi nasi, kwa sababu vita vyetu vya kila siku katika eneo hili hupiganwa katika lami.

Stoke Mandeville

Siku chache baadaye Bikila alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Hapana budi tueleze asili ya mahali hapo, kwani bila kuieleza hatutafahamu yaliyofuata.

Tarehe 1 Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann alifungua hapo kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo. Guttmann alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler mnamo 1939. Kabla ya hapo, askari aliyevunjika mgongo alihesabiwa kuwa maiti inayosubiri kuzikwa. Wengi walikufa mapema, si kwa jeraha lenyewe bali kwa vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na njia zao za mkojo zitunzwe kwa usafi. Wagonjwa wakaanza kuishi. Hapo likazuka swali jipya: mtu aliyenusurika aishi kwa ajili ya nini?

Jibu lake lilikuwa kazi na michezo. Mchezo uliimarisha mabega na mikono, ulirejesha mizani ya kiwiliwili na, zaidi ya yote, ulimpa mgonjwa sababu ya kuamka. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, wanajeshi wa zamani 16, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika uwanja wa hospitali. Mnamo 1952 walijiunga nao wanajeshi wa zamani kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Hayo ndiyo mashindano yaliyofika Roma na Tokyo katika nyayo za Bikila.

Bikila alipofikishwa huko Guttmann alikuwa amekwisha kustaafu, lakini utaratibu wake ulibaki. Kwa muda wa miezi 8 mshindi wa Olimpiki alifunzwa upya mambo ambayo mtoto huyajua: kuketi bila kuanguka, kujigeuza kitandani, kushika kijiko. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa miongoni mwa waliomtembelea. Nguvu za mikono zilirudi. Za miguu hazikurudi tena hadi alipofariki.

Mishale na Theluji

Angeweza kurudi nyumbani na kukaa kivulini. Heshima alikuwa nayo, tena ya kumtosha. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alichukua upinde. Mnamo Julai 1970 Bikila alishindana katika Michezo ya Stoke Mandeville, katika kulenga shabaha kwa upinde na tenisi ya meza. Alikuwa mwanafunzi tena, tena miongoni mwa watu waliomtangulia katika michezo hiyo kwa miaka mingi. Bingwa wa dunia alikubali kuanza mwisho wa foleni.

Mnamo 1971 alialikwa Norway katika michezo ya watu wenye ulemavu. Alialikwa kama mgeni, lakini alishiriki. Pamoja na upinde na tenisi ya meza, aliingia katika mashindano ya sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachokokotwa na mbwa juu ya theluji. Mtoto huyu wa wafugaji wa Shewa aliwashinda wapinzani wake wote. Huo ndio ushindi ambao wasifu wake mwingi hauutaji, au huutaja kama kichekesho cha kufungia kisa. Sisi tunauona kuwa sawa na ule wa Roma. Roma alitumia alichokuwa nacho, yaani nyayo. Norway alitumia alichobakiwa nacho, yaani mikono, kiwiliwili na nidhamu.

Mnamo 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich, ambako umati ulisimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani, baada ya kushinda marathoni, alimwendea kumpa mkono. Mwaka huohuo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza katika Paralimpiki, iliyofanyika Heidelberg, pia nchini Ujerumani Magharibi. Njia iliyofunguliwa na majeruhi wa vita ilikuwa imefika kwetu.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe Bikila alifariki mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, madhara yaliyohusishwa na ajali yake. Alikuwa na umri wa miaka 41 na cheo cha kapteni. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi, Mfalme Haile Selassie akahudhuria, na taifa likatangaziwa siku ya maombolezo. Alimwacha mjane, Yewebdar, na watoto 4.

Lugha Tunayomsimulia

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni katika kisa hiki. Tazama msamiati tuliourithi: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema. Wapo wanaolilaumu umbo la ki- kwa kuwa linamweka mtu katika ngeli ya vitu. Hoja hiyo haitoshi, kwani kijana na kiongozi pia wana umbo hilo, na upatanisho wa yote hayo hufuata ngeli ya A-WA. Tatizo lipo kwingine. Nomino hizo humtaja mtu mzima kwa kile kinachokosekana. Ukimwita Bikila kiwete, umezifuta Roma, Tokyo na Norway kwa neno moja. Ukisema mtu mwenye ulemavu, umemtanguliza mtu, na ulemavu ukawa mojawapo ya mambo aliyo nayo.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Hii ni miongoni mwa nadra za sheria zinazozungumzia uteuzi wa maneno moja kwa moja. Ni nani atakayeitekeleza kwa Kiswahili ikiwa si sisi?

Isitoshe, tuchunguze vitenzi. Twasikia mara kwa mara kwamba fulani amefungwa kwenye kiti cha magurudumu. Usemi huu tumeuazima, na tumeuazima vibaya. Kiti hakikumfunga Bikila. Kitanda ndicho kilichomfunga, na kiti ndicho kilichomfungua. Vilevile twasoma kwamba ajali ilikatiza maisha yake ya michezo. Ajali ilikatiza mbio zake za miguu. Michezo aliiendeleza, tena kwa ushindi.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Abebe Bikila hayana sehemu mbili, moja ya utukufu na nyingine ya huruma. Ni maisha ya mwanamichezo mmoja aliyebadilishiwa vifaa. Wahenga walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi huyu alivunjikiwa na koleo mbili kwa usiku mmoja, na bado moto wake haukuzimika.

Lakini tusijidanganye kwamba moyo pekee ulitosha. Bikila alipata ndege ya kumpeleka hospitalini, miezi 8 ya matibabu, kiti cha kuketia na uwanja wa kushindania. Majeruhi wa kawaida kutoka Salgaa, Gilgil au Mau Summit ana moyo uleule, ila mara nyingi hana vile vingine. Mchango wa jamii unapokwisha baada ya kulipia hospitali, kiti cha magurudumu bado hakijanunuliwa, na kikinunuliwa hukutana na ngazi mlangoni mwa darasa, mwa ofisi na mwa uwanja. Kwa hiyo, anayekisoma kisa hiki na kubaki akisifu ujasiri tu hajakisoma chote. Swali aliloulizwa Guttmann na wagonjwa wake walionusurika ndilo linalotukabili hapa Bonde la Ufa: tukishamwokoa mtu barabarani, tumemwandalia nini cha kuamkia kesho yake?